Mtetea au Jogoo? Kwa Nini Hatugawi Kuku Kabla ya Miezi 3

UTANGULIZI

Katika ziara za ufuatiliaji kwenye sharika zetu za Sumbawanga, Nkasi na Kalambo, swali moja limekuwa likirudi mara kwa mara. Kwa nini mradi wa "kopa kuku, lipa kuku" haugawi vifaranga mara wanapoanguliwa, bali unawaacha kwa kaya mlezi zaidi ya miezi 3 ndipo wagawiwe? Baadhi ya wajumbe wa kamati wanaona huu ni ucheleweshaji. Mfadhili wetu mmoja naye aliandika kuuliza kama fedha za chakula cha miezi hiyo zisingetosha kununua vifaranga wengi zaidi na kuzifikia kaya nyingi zaidi.

Ni swali la haki na linastahili jibu la wazi. Jibu kwa kifupi ni kwamba kifaranga wa kienyeji, akiwa bado mdogo, hana alama ya kuaminika inayoonyesha kama ni jike au dume. Mradi wetu haugawi kuku tu. Unagawa mitetea, kwa sababu mtetea ndiye anayetaga, anayeatamia na kulipa deni. Tukigawa kabla ya kujua, tunagawa bahati nasibu. Makala haya yanaeleza tulivyojifunza jambo hili, dalili za kuangalia, na utaratibu tunaoomba kamati zote ziufuate.

TULIVYOJIFUNZA

Katika awamu ya kwanza tuligawa kuku wakiwa na umri wa wiki 6. Kila kaya ilipaswa kupata mitetea 3 na jogoo 1, kisha baada ya kuzalisha irudishe mitetea 3 kwa kaya inayofuata kwenye orodha. Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliochagua. Tuliangalia vichwa, tukaangalia ukubwa wa mwili, tukaweka makundi ya wanne wanne, na kila mtu akaondoka na furaha.

Miezi michache baadaye nilipita katika kijiji kimoja kati ya Sumbawanga na Laela, nikasimama kwa mama mmoja mjane aliyekuwa mlengwa wetu. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, kisha akasema kwa upole, "Baba mtaalamu, wale kuku wako wa kutaga, wanawika." Kati ya wanne aliopewa, watatu walikuwa majogoo.

Jambo hilo halikuishia kwenye kicheko. Mama huyo aliuza majogoo wawili ili anunue mtetea, akachelewa kupata vifaranga, na ulipofika mwezi wa kulipa hakuwa na cha kulipa. Jirani aliyekuwa akimfuata kwenye orodha alilalamika. Kwenye daftari la kamati jina la mama huyo likaandikwa miongoni mwa wadaiwa wasiotimiza wajibu, na maneno yakaanza kusemwa kijijini kwamba amekula kuku wa kanisa. Hakuwa amekula kitu. Kosa lilikuwa letu sisi tuliochagua, lakini aibu aliibeba yeye. Nililazimika kurudi, kumwomba radhi mbele ya kamati, na kuomba daftari lisahihishwe.

HESABU YENYEWE INAVYOSEMA

Katika kuku, mama ndiye anayeamua jinsia ya kifaranga. Jogoo hutoa mbegu za aina moja tu kwa upande wa jinsia, lakini kuku jike hutoa yai la aina mbili, lenye kuleta dume au lenye kuleta jike, na nafasi ni karibu nusu kwa nusu. Jinsia inakuwa imeshapangwa kabla yai halijatagwa. Joto la kuatamia, mwezi, na mahali pa kiota havibadilishi kitu katika siku zile 21.

Sasa tuchukue mfano wa kaya 16, kila moja ikipewa vifaranga 4 bila kuchagua. Kwa wastani matokeo yatakuwa hivi:

- Kaya 1 itapata majogoo wanne watupu.
- Kaya 4 zitapata majogoo watatu na mtetea mmoja.
- Kaya 6 zitapata wawili kwa wawili.
- Kaya 4 zitapata mitetea watatu na jogoo mmoja, kama tulivyoahidi.
- Kaya 1 itapata mitetea wanne.

Yaani kati ya kaya 16, ni 5 tu zinazopata mitetea 3 au zaidi. Kaya 11 zinaanza zikiwa pungufu, na mojawapo haitaweza kuzalisha kabisa. Kwenye taarifa, hata hivyo, kaya zote zitaonekana zimepata "kuku 4". Taarifa haitakuwa na uongo, lakini haitakuwa na ukweli wote.

Wapo watakaosema kwamba jogoo naye ni mali, kwani sokoni, hasa kuelekea Krismasi, hupata bei nzuri. Ni kweli. Lakini bei hiyo ni ya jogoo aliyekomaa, si ya pora, yaani jogoo mdogo ambaye bado hajaanza kuwika. Mlengwa atamlisha kwa miezi kadhaa ndipo amuuze. Akishauza atatafuta mtetea wa kununua, na mwenye mtetea mzuri anayekaribia kutaga mara nyingi hamtoi sokoni. Mtetea wa kienyeji huanza kutaga akiwa na umri wa miezi 6 hadi 8, hutaga mayai kama 10 hadi 15 kwa mtago mmoja, na akitunzwa vizuri anaweza kuatamia mara 3 hivi kwa mwaka. Anayekosa mtetea leo hukosa mzunguko mzima.

KWA NINI HAIWEZEKANI SIKU YA KWANZA

Msomaji anaweza kuuliza: mbona viwanda vikubwa vya kutotoa vifaranga vinatenganisha majike na madume siku ileile ya kwanza? Vinaweza, lakini kwa njia ambazo hazifai kwa kuku wetu.

Njia ya kwanza ni kukagua tundu la haja la kifaranga. Wataalamu wa Japani, akiwemo Kiyoshi Masui, waliieleza njia hii katika miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 wakaguzi wa Kijapani walikuwa wakisafiri hadi Marekani kuifanya kazi hiyo. Alama inayotafutwa ni kijinundu kidogo sana, na baadhi ya majike nao wanacho. Mkaguzi huhitaji mafunzo marefu, na mkono usiozoea humjeruhi au kumuua kifaranga. Tunaomba mtu yeyote asijaribu jambo hili nyumbani.

Njia ya pili ni kulinganisha urefu wa manyoya ya bawa katika siku ya kwanza, na njia ya tatu ni rangi. Zote mbili ni za kweli, lakini hufanya kazi pale tu wazazi walipochaguliwa kwa makusudi ili watoto wa kike na wa kiume watofautiane. Kuku wa kijijini kwetu wamechanganyika kwa vizazi vingi. Kifaranga wa kienyeji mwenye bawa refu anaweza kuwa jike na anaweza kuwa dume.

Ulaya sasa wamefika mbali zaidi. Baada ya Ujerumani kupiga marufuku, kuanzia Januari 2022, kuua vifaranga madume wa kuku wa mayai, mashine za kutambua jinsia yai likiwa bado halijaanguliwa zimeenea huko. Ni teknolojia nzuri, lakini ni ya viwanda vinavyoangua maelfu kwa maelfu. Mfugaji wa Ufipa ana macho yake, mikono yake na subira.

DALILI ZA KUANGALIA KULINGANA NA UMRI

Kanuni ya kwanza ni kulinganisha ndugu na ndugu. Mlinganishe kifaranga na wenzake wa umri uleule, waliolelewa pamoja na kulishwa sawa. Kifaranga aliyekosa chakula au aliyepigwa na baridi ya mwezi Juni na Julai huchelewa kuonyesha dalili, na katika nyanda zetu za juu, Sumbawanga ikiwa zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hilo si jambo dogo.

Wiki 1 hadi 3. Hakuna dalili ya kutegemea. Usiandike chochote.

Wiki 4 hadi 6. Hiki ni kipindi cha kushuku tu. Mara nyingi jike huwahi kupata manyoya ya mkia na mgongo, wakati dume hubaki na mkia mfupi na mgongo ulio wazi kwa muda. Upanga wa dume, yaani ile nyama ya kichwani, huanza kuwa mpana na kugeuka wekundu. Hapa ndipo sisi tulipokosea: tulichukua shuku tukaifanya hukumu.

Wiki 8 hadi 10. Dalili huongezeka. Upanga na ndevu za dume huwa nyekundu na kubwa, wakati za jike bado ni ndogo na zimepauka. Miguu ya dume huwa minene na husimama wima, kifua mbele. Kuku wenye rangi mchanganyiko huanza kuonyesha mabaka mekundu au yanayong'aa kwenye mabega ya dume, huku jike akibaki na rangi tulivu inayofanana mwili mzima.

Wiki 12 hadi 14. Hapa ndipo penye ushahidi wa kuaminika zaidi, nao uko mgongoni. Mshike kuku, umlaze mkononi, ufunue manyoya ya kiunoni, pale mgongo unapokutana na mkia. Manyoya ya dume huwa membamba, marefu, yenye ncha kali na ya kung'aa, nayo huanza kuning'inia pembeni kama majani ya nyasi. Manyoya ya jike huwa mapana na ya mviringo mwishoni, kama kijiko. Kisha angalia shingoni: tofauti ni hiyohiyo, ncha kali kwa dume na mviringo kwa jike. Hata unyoya mmoja au miwili mipya yenye ncha kali kiunoni inatosha kumtia kuku kwenye kundi la madume.

Baada ya hapo kuwika na kutaga humaliza ubishi. Mwiba wa nyuma ya mguu usiutegemee: huchelewa kukua kwa majogoo, na baadhi ya kuku majike wazee nao huota.

Mama yule mjane, ambaye sasa hutusaidia kukagua, huwaambia wenzake maneno machache: "Kichwa kinakudanganya, shika mgongo."

KUKU WADOGO NA WENGINE WANAOTATANISHA

Kamati nyingi hupata shida zaidi kwa kuku wenye maumbile madogo, wale wenye miguu mifupi ambao akina mama huwapenda kwa kuwa ni waatamiaji wazuri na hawali sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wameorodhesha kuku wa kienyeji wa umbo dogo kwa jina la Ching'wekwe. Nchi za nje kuku wadogo huitwa bantamu, jina lililotokana na bandari ya Banten katika kisiwa cha Java.

Tatizo la kuku wadogo ni kwamba ukubwa wa mwili hauwezi kuwa kipimo. Akina mama wengi huchanganya mayai ya kuku kadhaa chini ya mwatamiaji mmoja. Vifaranga wanapotoka, pora wa ukoo mdogo anaonekana kama mtetea akisimama kando ya mtetea wa ukoo mkubwa. Hivyo kama mayai yalichanganywa, wapange kwanza kwa umbo, wadogo peke yao na wakubwa peke yao, ndipo ulinganishe.

Wako wengine wa kuangalia kwa makini:

- Kuchi. Ni kuku mrefu anayesimama wima, awe jike au dume, na upanga wake ni mdogo. Usimhukumu kwa kimo wala kwa upanga.
- Kishingo. Shingo haina manyoya, hivyo tegemea manyoya ya kiunoni.
- Mwenye kishungi. Manyoya ya kichwani hufunika upanga. Yafunue, lakini hukumu kwa mgongo.
- Mwenye manyoya yaliyopinda kuelekea nyuma. Umbo la unyoya halisomeki vizuri. Kwa huyu tumia upanga, ndevu na unene wa miguu, na ikibidi subiri awike.

Ulaya wana hata bantamu aina ya Sebright ambaye jogoo wake ana manyoya ya mviringo kama jike. Hivyo tusitegemee dalili moja peke yake. Dalili 3 zikikubaliana, andika. Zikipingana, subiri.

IMANI ZILIZOZOELEKA

Katika semina zetu tumesikia njia nyingi: kwamba yai lenye ncha kali hutoa jogoo na la mviringo hutoa jike, kwamba pete iliyofungwa kwenye uzi na kuning'inizwa juu ya yai huzunguka kwa jike na kwenda mbele na nyuma kwa dume, kwamba kifaranga akishikwa miguu kichwa chini, jike hulegea na dume hujikunja. Hiyo ya umbo la yai ni ya kale mno. Wagiriki na Warumi waliandika juu yake zaidi ya miaka 1,900 iliyopita, na hata wao hawakukubaliana lipi hutoa jike.

Tusiwacheke wanaoziamini. Kwa kuwa nafasi ni nusu kwa nusu, hata njia isiyo na maana yoyote hupatia mara moja katika kila mara mbili, na binadamu hukumbuka alipopatia kuliko alipokosea. Kamati inayotaka kujiridhisha ifanye hivi: iandike makisio ya kila kifaranga siku ya kwanza, imfunge kila mmoja uzi wa rangi yake mguuni, kisha ilinganishe matokeo wiki ya 14. Uzi uangaliwe kila wiki na ulegezwe, maana mguu hukua na uzi unaweza kuukata.

UTARATIBU TUNAOOMBA UFUATWE

1. Ukaguzi wa jinsia ufanyike wiki ya 12, siku ya chanjo ya mdondo. Chanjo ya matone ya I-2, inayotengenezwa hapa nchini, Kibaha, hurudiwa kila baada ya miezi 3, na siku hiyo kila kuku hushikwa mkononi. Baada ya kudondosha tone jichoni, mkaguzi afunue mgongo papo hapo.

2. Wakaguzi wawe wawili, na kila mmoja atoe jibu kabla ya kusikia la mwenzake. Wakitofautiana, kuku huyo abaki kwa kaya mlezi na akaguliwe tena baada ya wiki 2.

3. Mtetea afungwe alama mguu wa kulia, jogoo mguu wa kushoto. Sharika zote zitumie utaratibu mmoja.

4. Ugawaji ufanyike wiki ya 14, baada ya chanjo kupata muda wa kufanya kazi. Makundi yapangwe kwanza, mitetea 3 na jogoo 1, ndipo kaya zipige kura. Jinsia ikishajulikana kishawishi huongezeka, na pasipo kura malalamiko hayataisha.

5. Taarifa ziandike mitetea na majogoo katika safu mbili tofauti. Neno "kuku" peke yake lisitumike tena kwenye fomu ya ugawaji wala ya marejesho.

6. Kaya ikionekana kuchelewa kulipa, kamati iangalie kwanza ilipewa nini kabla ya kumwandika mtu kuwa mdaiwa.

Majogoo wanaozidi wabaki kwa kaya mlezi na kuuzwa wakikomaa. Jogoo mmoja anatosha kwa mitetea wapatao 10, na wakizidi hupigana na kuwasumbua majike. Mapato hayo yafidie chakula cha kaya mlezi, ambayo ndiyo inayobeba mzigo wa kusubiri.

HITIMISHO

Kwa wafadhili wetu, fedha ya chakula cha miezi 3 si fedha iliyopotea. Katika miezi hiyo vifaranga hupita kipindi ambacho mwewe, kunguru na baridi huwamaliza, hupata chanjo, na jinsia zao hujulikana. Ni kweli kwamba fedha hiyohiyo ingenunua vifaranga wengi zaidi. Lakini tumeona kaya inayopewa wanne ambao hakuna anayewajua inavyoweza kuishia na deni isilostahili.

Kwa kamati za sharika, fomu mpya zenye safu mbili zitafika kwa wainjilisti kabla ya ugawaji ujao. Tafadhali zisomwe pamoja na makala haya. Na pale mtakapokuwa na shaka juu ya kuku yeyote, mrudisheni bandani. Wiki 2 nyingine ni bei ndogo kuliko jina la mtu.